Hodi Kabla ya Picha

Kijana mmoja wa vijiji vya mradi wa umwagiliaji wa Bura, kando ya Mto Tana, aliazimia kununua kamera ya dijitali ya kubadili lenzi. Akiba yake ilitosha kamera moja na lenzi moja tu. Kwa kuwa kamera huchakaa ilhali lenzi njema huweza kuhamishiwa kamera nyingine ya mfumo uo huo, uzito wa uamuzi ulikuwa katika lenzi.

Kwanza aliazima kamera yenye lenzi ya milimita 300. Waama, hiyo humfaa anayewafuata mbega wekundu wa misitu ya Tana, wasiopatikana kwingineko duniani. Yeye aliielekeza ng'ambo ya mfereji, kwa mama wa Kiorma aliyekuwa akiteka maji. Mama alipomwona, alijifunika uso kwa mtandio, akaiacha ndoo, akaenda zake.

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Hata hivyo, jicho hutazama likaacha. Kamera huondoka na sura ya mtu. Jioni hiyo kijana alibisha hodi kwa yule mama, akaomba radhi, akaifuta picha mbele yake.

Hatimaye alinunua lenzi ya milimita 50. Uwazi wake mpana hupokea hata mwanga hafifu wa jioni. Zaidi ya hayo, haivuti cha mbali; mpigaji hulazimika kusogea mwenyewe, na Bura hakuna asogeaye pasipo salamu.