Fundi Bomba Bila Leseni: Dallas na Arusha

Hapa Texas, ukimfungia jirani hita ya maji kwa malipo na huna leseni, umevunja sheria hata kama kazi yako haivuji tone. Mahakamani ni kosa dogo la jinai, faini haizidi dola 500. Kinachouma ni bodi ya jimbo inayosimamia mafundi bomba: inaweza kukutoza hadi dola 5,000 kwa kosa, na kila siku kosa linapoendelea huhesabiwa kosa jipya. Bafu la siku sita, piga hesabu mwenyewe.

Leseni yenyewe haiokotwi. Kabla ya kufanya mtihani wa fundi kamili unatakiwa uwe na saa 8,000 za kazi chini ya mwenye leseni, na bado hapo hujawa fundi mkuu. Mwaka 2019 wabunge wa jimbo walimaliza kikao bila kuiongezea bodi hiyo uhai. Waliopiga kelele isife ni mafundi wenyewe, hadi Gavana Greg Abbott akainusuru kwa amri yake. Siwashangai; leseni inalinda mabomba, na inalinda ujira pia.

Njoo Arusha sasa. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ni kali kwa anayejiunganishia maji kinyemela au kuchezea mita. Lakini ukishavuka mita kuingia ndani ya ua, hakuna anayeuliza. Fundi anapatikana kwa simu ya shemeji, mnaelewana bei, anakuja na mashine yake ya kuchomea mabomba ya plastiki ya PPR. Mtazame anavyounga: bomba na kiungio vinapashwa pamoja, anahesabu kimoyomoyo, anavisukuma. Akizidisha joto, plastiki inajikunja kwa ndani na tundu linabaki la kupitisha penseli. Nje kiungio kinang'aa. Utagundua ukuta umeshapigwa vigae na bafu la juu linadondosha maji ya kubembeleza. Dallas ukuta haufungwi kabla mkaguzi hajaona bomba likishikilia presha.

Mtu atasema hasara hiyo ni ya mwenye nyumba. Si yake peke yake. Maji ya Mlima Meru yana floraidi, na sehemu nyingine, kama kule Maji ya Chai na Ngurdoto, inapita mbali kiwango kinachoruhusiwa cha miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo maana mradi wa maji wa shilingi bilioni 520 ulikwenda kuchimba visima hadi wilaya ya Hai. Sasa fikiria ua wenye kisima chake na mita ya mamlaka ya maji, na fundi akaviunganisha bila vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Presha ya mtaa ikishuka, pampu ya kisima inasukuma maji yake kwenye bomba la wote.

Hata hivyo, faini za Texas nisingezileta Arusha. Nani atazunguka Ngaramtoni na Sakina akikamata mafundi? Ninachokitamani tayari tunacho kwenye umeme. Mfunga nyaya ana leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na shirika la umeme TANESCO wanataka fomu yenye sahihi yake kabla ya kukuwashia. Hakuna anayekimbizwa; bila sahihi huunganishwi, basi. Mamlaka ya maji ingeweza kudai karatasi kama hiyo kabla ya kufunga mita. Na fundi aliyejifunzia kazini asiachwe nje, maana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti kwa ujuzi alionao.

Mjomba wangu wa Akheri, fundi bomba tangu sijazaliwa, haafiki. Anasema mafundi vishoka hawatakosa kazi: wataacha kufunga mabomba, waanze kuuza sahihi. Na kwa yanayosikika kuhusu fomu za umeme, sikupata la kumjibu haraka.