Butembo: Mwalimu apanga kulala usiku tatu katika mji wa amani wa Ujerumani

Butembo, Kivu ya Kaskazini. – Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mjane mwenye miaka 52, anatayarisha safari ya kwenda Münster, mji wa zamani ulioko kaskazini-magharibi ya Ujerumani. Mtoto wa kaka yake anamaliza masomo ya chuo kikuu huko. Kijana huyo hana tena baba wala mama, na ameomba shangazi yake aliyemlea awe karibu naye siku atakapopokea diploma.

Safari yenyewe ni ya juma moja. Usiku nne mwalimu atalala Köln, kwa familia moja yenye asili ya Butembo. Huko hakuna shida: watu wa nyumbani wamekwisha kusema godoro liko tayari. Shida ilikuwa zile usiku tatu za Münster.

Kijana anakaa katika nyumba ya wanafunzi. Ana chumba kimoja, kitanda kimoja, na jiko analotumia pamoja na wenzake. Alipomwambia shangazi yake kwa WhatsApp kwamba itabidi alale hotelini, mama huyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

«Baba, mimi nifike mpaka mlangoni kwako, halafu nikalale kwa watu wa kulipisha makuta?»

«Shangazi, nisamehe,» kijana akajibu. «Hapa sheria ya nyumba si yangu. Lakini nitakutafutia mahali padogo, pa watu wapole, na asubuhi nitakuja kukuamkia.»

Kwa wakaaji wa Butembo maneno hayo si rahisi kuyameza. Katika mji huu, mtu akifika na mfuko kichwani, swali la kwanza ni kama amekula, na la pili ni nani atamlaza. Mwalimu huyo mwenyewe anawalaza watu sita katika nyumba ndogo ya nyuma ya lopango lake: mama mmoja na watoto watano, waliokimbia Kanyabayonga, kusini mwa wilaya ya Lubero, vita vilipofika huko mwezi wa Juni 2024. Hawajalipa hata franga moja, na hakuna aliyewadai.

Swali la malazi, hata hivyo, haliulizwi na jamaa peke yake. Ubalozi pia unaliuliza. Anayeomba viza ya Schengen ya muda mfupi lazima aonyeshe kwa karatasi mahali atakapolala kila usiku wa safari: barua ya mwenyeji anayemkaribisha, au uhakikisho wa chumba cha hoteli. Zaidi ya hiyo, anatakiwa kuwa na paspoti itakayobaki na nguvu angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30.000, karatasi za kazi, na karatasi za benki zinazoonyesha namna atakavyojitegemea. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi hata kama jibu ni hapana. Maombi yanaweza kuwekwa miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku kumi na tano. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku kumi na tano, lakini linaweza kuchelewa mpaka siku arobaini na tano.

Mkaaji wa Kongo anaombea viza katika nchi anamoishi. Kwa mtu wa Butembo, maana yake ni kupanda ndege mpaka Kinshasa kabla hata hajajua kama atasafiri. Ni hapo watu wengi wanapoliwa pesa na wale wanaojiita makomisioneri, wanaouza karatasi za hoteli za uongo. Mmoja alimfuata mwalimu mpaka shuleni na kumwambia kwamba kwa dola hamsini angempa uhakikisho wa hoteli «usiokuwa na matatizo». Mwalimu alikataa. Ubalozi unaweza kupiga simu hotelini na kuuliza, na karatasi ya uongo ikigunduliwa, jina la mwombaji ndilo linaloharibika, si la komisioneri.

Basi wakatafuta chumba cha kweli. Kijana alipita kwa miguu katika mitaa ya karibu na mji wa zamani, akaingia katika hoteli ndogo nne, akauliza bei na kupiga picha. Ile waliyochagua ni nyumba ya ghorofa tatu inayoendeshwa na mume na mke. Ni hoteli ya aina ambayo Wajerumani huita «garni»: inatoa kitanda na chakula cha asubuhi, bila mgahawa wa jioni. Bei ni euro 82 kwa usiku mmoja, chakula cha asubuhi ndani yake. Usiku tatu ni euro 246.

Msikilizaji anayepanga safari kama hiyo ajue mambo machache waliyojifunza. La kwanza ni kuchagua chumba kinachoweza kufutwa bila malipo. Bei isiyorudishwa huwa chini kidogo, lakini viza ikikataliwa pesa zote zinapotea. La pili: hoteli ndogo haina mtu wa mapokezi usiku kucha. Anayefika kwa treni ya usiku lazima atangulie kuwaandikia wenyeji, nao wanampa namba ya kufungulia kisanduku chenye ufunguo. La tatu: nyumba nyingi za zamani hazina lifti, kwa hiyo mwenye magoti mabaya aombe chumba cha chini. Mwalimu aliomba. La nne: mgeni kutoka nje ya Ujerumani hujaza fomu ya jina, tarehe na namba ya paspoti anapofika. Hiyo ni sheria ya nchi, na haimaanishi kwamba anashukiwa. La tano: siku ya Mungu maduka karibu yote hufungwa, na kuanzia saa nne za usiku watu hawapendi kelele.

Kuhusu njia, atavuka mpaka wa Kasindi, apite Uganda mpaka uwanja wa Entebbe, apande ndege ya Brussels, kisha treni mpaka Köln. Kutoka Köln mpaka Münster ni mwendo wa treni usiofika saa mbili. Mjini kwenyewe ataenda kwa miguu. Münster ni mji wa baiskeli, na kijana amemwonya asitembee juu ya njia nyekundu za baiskeli, maana waendeshaji hawasimami.

Lakini kwa nini Münster, wakati Köln kuna kitanda cha bure na treni inaweza kumrudisha jioni? Swali hilo aliulizwa na wamama wenzake wa likelemba. Sababu ya kwanza ni diploma. Ya pili ilikuja baadaye, kijana alipomweleza mahali anapoishi.

Kuanzia 1618 mpaka 1648, nchi za Wajerumani ziliharibiwa na vita vinavyoitwa Vita vya Miaka Thelathini. Vilianza kama ugomvi wa dini na utawala, kisha majeshi ya nchi za nje yakaingia, kila moja na faida yake. Askari waliishi kwa kula mali ya wanavijiji. Watu walikimbia, mashamba yakabaki matupu, njaa na magonjwa vikaua wengi kuliko silaha. Msikilizaji wa Lubero, Beni au Irumu hahitaji kuelezwa zaidi.

Mazungumzo ya kumaliza vita hivyo yalifanyika katika miji miwili, Münster na Osnabrück, iliyo mbali kama kilomita hamsini hivi. Wajumbe wa Ufaransa walikaa Münster, wa Sweden Osnabrück, na wa Kaisari walikuwa katika miji yote miwili. Miji hiyo iliwekwa kando ya vita: hakuna jeshi lililoruhusiwa kuishambulia. Münster wakati ule ulikuwa mji wa watu kama elfu kumi, na ghafla ukapokea wajumbe wengi, pamoja na waandishi, wapishi, watumishi na farasi wao. Walilala katika nyumba za wakaaji na katika nyumba za watawa. Mazungumzo yalidumu karibu miaka mitano.

Katika miaka hiyo yote hakukuwa na kikao kimoja cha kuwakutanisha wote. Katika Münster, wapatanishi, mmoja mjumbe wa Papa na mwingine wa Venice, walitembea kutoka nyumba hadi nyumba wakibeba maneno ya huyu kwa yule. Na vita havikusimama. Wajumbe walizungumza, na vijijini watu waliendelea kufa. Mkataba ulisainiwa tarehe 24 Oktoba 1648. Sahihi nyingine zilitiwa pale wajumbe walipokuwa wamelala, katika malazi yao.

Ukumbi wa baraza la mji, unaoitwa leo Ukumbi wa Amani, ndimo Wahispania na Waholanzi walikula kiapo cha amani yao tarehe 15 Mei mwaka ule ule. Unaweza kutembelewa. Katika vita vya pili vya dunia mabomu yaliangusha sehemu kubwa sana ya mji wa zamani, hata jumba la baraza. Mbao za ukutani za ukumbi zilikuwa zimekwisha kuhamishwa na kufichwa, kwa hiyo zilipona. Baada ya vita wakaaji walijenga upya barabara kuu kwa sura iliyofanana na ya zamani, na mbao zikarudi mahali pake.

Mwalimu aliposikia hayo, aliyaeleza jioni kwa mama wa Kanyabayonga, wakichambua maharage. Mama huyo alisikiliza mpaka mwisho. Kwao habari za watu wanaozungumza hotelini wakati vita vinaendelea si habari za kale. Wamesikia kwa redio Nairobi, Luanda, kisha Doha, ambako serikali ya Kongo na AFC/M23 walisaini azimio la kanuni tarehe 19 Julai 2025. Na shamba lake liko bado kule alikoliacha.

«Miaka mitano walikuwa wanasema tu?» akauliza.

«Karibu mitano.»

«Na watu wa mashamba, walirudi namna gani? Nani aliwapa mbegu? Nyumba ikikutwa na mtu mwingine ndani, nani alimtoa? Ukifika huko, mama mwalimu, uliza hilo. Ya sahihi tunayasikia kila siku.»

Swali hilo sasa limo katika daftari la safari, juu ya orodha ya nguo za baridi.

Hata hivyo bado kulikuwa na hesabu. Euro 246 si pesa ndogo kwa mwalimu wa Butembo. Kijana alisema atalipa yeye, kutokana na kazi anayofanya katika duka la mikate siku za posho. Shangazi hakutaka: mtoto aliyemsomesha kwa kuuza maharage asianze kazi yake na deni la kumlaza. Zamu yake ya likelemba ilikuwa inakaribia, na zingetosha. Lakini zamu hiyo aliiahidi kwa jambo lingine: paa la nyumba ya nyuma linavuja, na mvua ya Butembo haibishi hodi. Watoto watano wanasogeza mkeka kutoka kona hadi kona.

Alizungumza na kijana mara tatu. Mara ya tatu kijana alisema: «Shangazi, wewe unalaza watu sita bila kuhesabu. Mimi nikulaze mtu mmoja, usiku tatu, unakataa? Unataka mimi nibaki mgeni mpaka lini?»

Hapo alikubali. Kijana atalipa chumba, na likelemba itanunua mabati. Wamama wa kikundi walicheka na kusema kwamba hiyo ndiyo hesabu waliyokuwa wanaingoja.

Kuna jambo moja la mwisho kijana aliona vema amweleze mapema, asije akashtuka. Hoteli iko karibu na kanisa la Mtakatifu Lamberti. Juu ya mnara wake kuna mlinzi anayepiga baragumu kila nusu saa, kuanzia saa tatu za usiku mpaka saa sita, isipokuwa siku ya pili ya juma. Zamani kazi yake ilikuwa kutazama moto na adui. Huku kwetu, filimbi na sufuria zikilia usiku, watu wanajua kuna hatari, na kila mmoja anatafuta viatu na watoto.

«Pale ni kinyume,» kijana alimwambia. «Akipiga, anasema hakuna kitu. Lala tu, Shangazi.»

Mwalimu alimwomba arekodi sauti hiyo na kuituma. Ameisikiliza mara nyingi, na amewasikilizisha watoto wa nyuma, ili aizoee kabla ya kufika.

Faili lake sasa limekamilika, na juma lijalo ataelekea Kinshasa. Chumba kimehifadhiwa kwa jina lake, na kinaweza kufutwa bila malipo mpaka siku moja kabla ya kufika, ikiwa viza haitatoka. Mabati yamekwisha kupigiliwa misumari.