Vilima vya Kigali kwa Jicho la Mchoraji

Msafiri ashukaye kituo cha mabasi cha Nyabugogo hutambua upesi kwamba mji wa Kigali ni wa kupanda na kushuka. Nyarugenge uko upande mmoja, Kacyiru na Kimihurura upande wa pili, na magharibi umesimama mlima Kigali wenyewe, wenye kimo kipitacho mita 1,800, mfano wa askari wa zamu.

Alfajiri ya majira ya mvua, ukungu hulala mabondeni. Kilima cha karibu huonekana kijani kibichi, cha pili samawati, na cha tatu hufifia hata mtu asijue kama ni ardhi au ni wingu. Jambo hilo hilo lilimshughulisha Mwingereza John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776. Mwaka 1806 alikwenda kwenye milima na maziwa ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, akakaa majuma kadhaa akichora kwa kalamu ya risasi na rangi za maji. Nyuma ya baadhi ya karatasi aliandika tarehe, saa na hali ya hewa. Hapo ndipo ulipo uhodari wake: hakuchora kilima tu, alichora kilima cha saa ile. Hata hivyo hakurudi tena huko. Rafiki yake Leslie, aliyeandika habari za maisha yake, asema upweke wa milima ulimlemea moyo.

Kigali usingalimlemea kwa upweke! Hapa kila mteremko una watu, migomba na moshi wa jikoni. Daktari Richard Kandt, Mjerumani, alipoanzisha kituo chake Nyarugenge mwaka 1907, palikuwa na nyumba chache mno. Mwaka 1962 mji ukawa makao makuu ya nchi huru, na tangu hapo mapaa yamepanda vilimani mwaka hata mwaka. Mvua nayo haina huruma na mteremko uliovuliwa miti. Udongo huteremka hadi mto Nyabarongo ukaugeuza rangi ya matofali. Ndiyo sababu familia nyingi zimehamishwa kutoka miteremko mikali, na bonde la Nyandungu likafunguliwa kuwa bustani mwaka 2022. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, askari na raia huonekana pamoja wakichimba mitaro na kupanda miti.

Mchoro wa miteremko hiyo uliochorwa mwaka jana, ukiwekwa kando ya kilima chenyewe, tayari una mapaa pungufu.