Sheria Ilituachia, Tukalipa

Nashuhudia jambo lililotokea nyumbani kwetu Koboko na kubadilisha namna ninavyofanya kazi yangu hapa Arua. Mwanya wa sheria unaweza kumzuia mdai asikufikishe kortini, lakini haujawahi kulipa deni la mtu yeyote.

Nina diploma ya sheria, na riziki yangu ni ukarani katika ofisi ya mawakili. Wengi wanaofika mezani kwangu ni watu wa madeni: mwenye duka aliyechukua mzigo kwa mali kauli, mwalimu aliyekopa karo, kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake inatafutwa. Swali lao huwa moja: nitatokaje?

Sheria za Uganda zina pa kutokea. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo ukipita shilingi 500,000 makubaliano ya mdomo yanaanza kuyumba. Sheria ya ukomo wa muda nayo inasema deni la mkataba lidaiwe kortini ndani ya miaka 6. Kwa muda mrefu nilipima madeni ya watu kwa vitu hivyo viwili, karatasi na tarehe. Mdai akikosa kimoja, nilimwambia mteja wetu aende akalale.

Mwaka 2022 baba alifariki. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Alinunua kwa Wakongo katika soko la Ariwara, akauza Koboko, na njia ilipokuwa salama alipeleka mzigo Juba kwa kupitia Oraba, Kaya na Yei. Kabla ya kumswalia, ami yangu alisimama mbele ya jeneza akatangaza kama ilivyo desturi yetu Waislamu: anayemdai marehemu asinyamaze, aje atuone sisi, deni limehamia kwetu.

Baada ya hitima akaja mama mmoja kutoka Ariwara. Alikaa mkekani na wanawake, akatoa pole, akala pamoja nao. Watu walipopungua ndipo akatuita.

"Wanangu, poleni sana. Baba yenu alichukua kwangu madumu 30 ya mawese. Nisingekuja kusema haya msibani, ila nimesikia mzee ametangaza."

Tuliijua habari hiyo. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2013, dumu la lita 20 kwa shilingi 60,000. Mdogo wangu ndiye aliyeyapakia madumu yale kwenye lori. Tarehe 15 Desemba mapigano yakalipuka Juba, ghala likaporwa, na baba akarudi na nguo alizovaa. Deni lilikuwa shilingi 1,800,000.

Usiku ule, tulipokaa ndugu kuzungumzia mirathi, nilieleza ninachokijua. Deni limezidi laki tano na hakuna karatasi. Miaka 6 imepita zamani. Baba alilikiri deni mara nyingi, lakini kwa mdomo, na sheria inataka ukiri wa kuanzisha upya hesabu ya miaka uwe wa maandishi wenye saini. Hakuwahi kulipa hata sehemu, jambo ambalo pia lingeiamsha hesabu hiyo. Nikasema kortini mama huyu hana kitu.

Ami akaniuliza, "Mwanangu, mafuta yalichukuliwa au hayakuchukuliwa?"

"Yalichukuliwa, ami."

"Baba yako alilipa?"

"Hakulipa."

"Mbona huyu mama hakwenda kushtaki miaka yote hiyo?"

Jibu la swali hilo ndilo lililonigeuza. Hakushtaki kwa sababu alimhurumia. Kila baba alipokwenda Ariwara alipita kumsalimia na kumwomba subira, naye alimjibu kwamba vita haikuwa kosa lake, atafute kwanza. Hakumwandikisha kwa sababu walikuwa wameuziana miaka mingi bila mmoja kumdhulumu mwenzake, na kati yao kudai karatasi kungekuwa tusi. Mianya yote miwili niliyokuwa naihesabu ilitokana na wema wake. Angekuwa mkali, angekuwa na karatasi. Angekuwa hana huruma, angekuwa na hukumu ya korti tangu mwaka 2014. Kuutumia ukomo wa muda dhidi yake kungekuwa kumwadhibu kwa sababu alisubiri.

Tukakubaliana alipwe kabla ya mtu yeyote kugawiwa. Na hivyo ndivyo dini yetu inavyotaka: katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mafungu ya warithi huja baada ya wasia na deni. Tuliuza ng'ombe, na kilichopungua tukakichangia kutokana na kodi ya chumba cha duka. Mama alilipwa kwa awamu mbili, mbele ya ami na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Safari hii tuliandika. Hatukuwa na wino wa muhuri, basi mwenyekiti akamsugulia ncha ya kalamu ya Bic kwenye kidole gumba mpaka kikawa bluu, akakibonyeza chini ya mstari unaosema amepokea pesa zote. Mama akaitazama alama ile, akakunja nakala yake, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Baada ya hapo nilizirudia sheria zile zile kwa jicho jingine, nikaona kwamba zenyewe hazidai kufuta deni. Kama deni la zamani linaweza kurudi kortini kwa sababu mdaiwa amelikiri kwa saini au amelipa sehemu yake, maana yake halikuwa limekufa. Mdai alikuwa amefungiwa mlango tu. Hata anayewekwa jela ya madai kwa kushindwa kulipa, kifungo kisichozidi miezi 6, akitoka deni lake bado lipo. Ukomo wa muda uliwekwa kwa sababu ushahidi huchakaa, mashahidi hufa, na si haki mtu kuamshwa na madai ya kale asiyoweza kuyajibu. Ni kinga ya asiyedaiwa, na ya asiyekumbuka kwa haki. Anayejua moyoni kwamba alichukua na hakurudisha, kinga ile haikukusudiwa yeye.

Sisemi mdaiwa aache kila haki yake. Arua wapo wakopeshaji wasio na leseni wanaoshikilia kitambulisho cha taifa na kadi ya benki ya mtu, wakitoza riba inayozidi mkopo wenyewe katika miezi michache. Sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na korti ina uwezo wa kuufungua upya mkopo wenye masharti ya kinyonyaji. Anayebanwa namna hiyo aitumie sheria bila haya. Arudishe alichopokea, akatae kunyonywa. Na aliyeishiwa kabisa, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011 inampa njia ya kupatana na wadai wake hadharani. Kusema "sina, nipe muda" ni uungwana. Aya ya 280 ya Al-Baqara inamtaka mdai ampe nafasi mwenye shida. Lakini nafasi hiyo ni ya kutafuta malipo. Anayezihesabu siku zake ili deni lipitwe na wakati anaiba huruma ya mwenzake.

Siku hizi mteja wa deni akikaa mbele yangu, kabla sijagusa karatasi namuuliza alichukua nini na amerudisha nini. Akisema anadaiwa kweli, wakili humweleza kinga zote alizonazo, maana ni haki yake kuzijua, nami namwomba tuandike pendekezo la kulipa kidogo kidogo. Wengine huondoka wakatafute ofisi nyingine. Wengine hukaa, na nimeona wakirudi kwa wadai wao na kukopeshwa tena, jambo ambalo hakuna hukumu ya korti inayoweza kumpa mtu.

Ndugu yangu mkopeshaji, andika. Aya ya 282 ya Al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Kurani, inaamuru deni la muda liandikwe, na karatasi yenye mashahidi inatosha kukupeleka kwenye utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10. Na wewe uliyekopa, mdai wako akikosa karatasi kwa sababu alikuamini, akikawia kwa sababu alikuhurumia, usimgeuzie wema wake ukawa silaha. Dawa ya deni ni kulipa. Mlipe angali hai, nawe ungali hai.