Tulilipia Dumu Moja, Tukabeba Manne



Hivi karibuni tulivuka bahari kwenda harusini. Binti wa dada yetu mkubwa alikuwa anaolewa, na kwao ni Madale, kule unakoiacha barabara ya Bagamoyo pale Tegeta Kibaoni, ukaingia ndani kuelekea Goba. Sisi ni mama zake wadogo wawili. Tulishuka bandarini Dar es Salaam na udi, asumini iliyofungwa vizuri isinyauke, na orodha ya manunuzi iliyojaa kurasa mbili za daftari.

Siku mbili kabla ya ndoa tulikwenda supamaketi moja ya huko huko Madale kununua vitu vya walima. Tulichukua mchele, sukari, viungo vya pilau, na madumu manne ya mafuta ya kupikia, kila moja lita 5. Foleni ilikuwa ndefu na mtandao wa malipo ulikuwa unakatika. Keshia, binti mdogo tu wa umri wa bi harusi wetu, alinyanyua dumu moja akalipitisha kwenye mashine. Matatu yalibaki chini kwenye toroli. Tukalipa kwa lipa namba, tukapewa risiti, tukaikunja bila kuisoma. Tukaita bajaji, tukarudi nyumbani.

Usiku, baada ya Isha, tulikaa kupiga hesabu. Dada yetu alikuwa ametukabidhi fedha za shughuli, na kila shilingi tuliiandika. Hapo ndipo tulipoona. Dumu moja lilikuwa shilingi 32,000, kwa hiyo manne yalipaswa kuwa 128,000. Risiti ilisema mafuta: moja, 32,000. Tukahesabu tena na tena. Tulikuwa na shilingi 96,000 ambazo hazikupaswa kuwa mkononi mwetu.

Tuseme ukweli mbele yenu: kwanza tulifurahi. Mpishi alikuwa anadai nusu ya fedha zake, na mwenye viti na maturubai alikuwa amepiga simu mara mbili. Wifi yetu akasema, "Hiyo ni riziki ya bi harusi, Mungu kaiona shida yenu." Mwingine akasema maduka haya nayo yanatuibia kila siku, ukidai chenji ya shilingi mia unapewa peremende. Tukacheka, na tukawa tayari kuligeuza ukurasa daftari.

Bi harusi alikuwa kwenye mkeka pembeni, hina imejaa mikononi na miguuni, anasubiri ikauke. Hakuweza kushika kitu wala kuondoka. Akauliza taratibu, "Mama mdogo, na kama wangetuhesabia madumu saba, mngenyamaza?"

Hakuna aliyemjibu. Sote tulijua jibu. Kama wangetuzidishia hata dumu moja, tungekodi bajaji usiku ule ule, na sauti yetu ingesikika mpaka Wazo.

Swali lile lilituingia. Tunaijua Suratul Mutaffifin tangu chuoni. Tumezoea kudhani inamhusu muuza mchele mwenye mizani mbovu. Lakini inaanza na watu ambao wakipokea chao kwa wenzao hutaka kijae, na zamu yao ya kutoa ikifika hupunguza. Mnunuzi naye ana mizani. Mizani yetu sisi wanawake wa nyumbani ni ule ukelele tunaoupiga tunapozidishiwa bei, na kimya tunachokikaa tunapopunguziwa kwa makosa. Uzito wa vitu hivyo viwili ukitofautiana, basi kuna upande tunaopunja.

Wifi hakukubali upesi. Akasema, "Si wamekosea wenyewe? Sisi hatukuficha kitu." Bibi yetu somo, aliyekuja kumfunda bi harusi, ndiye aliyemjibu. Alisema biashara katika Uislamu husimama juu ya kuridhiana, na jambo hilo limo katika Suratun Nisaa. Mwenye duka akipunguza bei kwa hiari yake, hiyo ni halali yako, chukua umshukuru Mungu. Lakini aliyekosea kuhesabu hajaridhia chochote, kwa sababu hata hajui kama kitu chake kimetoka. Na keshia hata angesema "chukueni tu", mali si yake, hawezi kuitoa zawadi.

Kisha akatusimulia kisa ambacho wengi wenu mnakijua, kimo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alinunua ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamrudia aliyemuuzia, akamwambia achukue dhahabu yake kwa kuwa yeye alinunua ardhi tu. Muuzaji naye akakataa, akasema aliiuza ardhi na kilichomo. Wakaenda kwa mtu awaamue. Akawauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na kijana wa kiume, mwingine binti. Akawaambia wawaozeshe, dhahabu ile itumike kwa ajili yao na nyingine itolewe sadaka.

"Mnaona?" akasema bibi. "Wale ndoa yao ilianza kwa wazee wawili kila mmoja akiogopa cha mwenzake. Hii yenu mnataka ianze kwa sambusa zilizokaangwa kwa mafuta ya mtu?"

Mafuta yenyewe tulikuwa tumeshayafungua. Sambusa za jioni zilikuwa kwenye sinia, kwa hiyo kurudisha madumu kusingetosha, ilibidi tulipe. Bi harusi akasema tuchukue kwenye mahari yake. Hapo tulikataa kabisa. Mahari ni haki yake, na kosa lilikuwa letu. Tukatoa fedha tulizotenga kumlipa fundi magauni yetu ya sare. Magauni yakabaki kwa fundi, harusini tukavaa madira yetu ya Idi.

Dada zetu, hapa ndipo tunapotaka mtusikilize zaidi, maana tulilokosea ni hili.

Asubuhi tulifika dukani tunajiona watu wema. Hatukumwita yule binti pembeni. Tulimwendea msimamizi moja kwa moja, na mbele ya wateja tukasema kwa sauti kwamba jana keshia wake alitukosea hesabu, na sisi ni Waislamu hatuli cha mtu. Msimamizi hakutusifu. Aligeuka akamfokea binti mbele ya foleni nzima, akamwita mzembe. Binti akainamisha kichwa. Halafu alitutazama, na mtazamo ule hatujausahau hadi leo.

Tulikuwa tumerudisha mali ya tajiri na tumemvunjia heshima maskini, kwa safari moja.

Tukajaribu kurekebisha. Tulimwambia msimamizi kwamba foleni ilikuwa ndefu, mtandao ulisumbua, na sisi watu wazima wawili tulibeba madumu manne kwa mikono yetu tukaondoka bila kusoma risiti. Kosa lilikuwa letu kama lilivyokuwa lake. Akapokea fedha, akatoa risiti. Tukamsubiri binti apate nafasi, tukamwomba radhi. Akasema, "Nashukuru, mama. Mwisho wa mwezi wakihesabu mzigo, pengo lingekuwa langu."

Tufikirieni pengo hilo. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwaka 2022 kwa wafanyakazi wa biashara na viwanda katika sekta binafsi kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Shilingi 96,000 ni karibu theluthi mbili ya hizo. Usiku ule tulipokuwa tunasema "maduka yanatuibia", tulidhani tunazungumza habari za tajiri. Kumbe mzigo ungeweza kumwangukia binti wa watu anayepanda daladala alfajiri, ambaye pengine naye ana mchumba na anaweka akiba ya harusi yake.

Kuna sahaba anaitwa Jarir bin Abdillah, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemuahidi Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba atamtakia mema kila Muislamu. Imesimuliwa kuwa mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, alimwambia mwenye mali kuwa anastahili zaidi, akaendelea kumpandishia bei mpaka wakafika 800. Mnunuzi ndiye aliyepandisha! Zamani tulikisikia kisa hiki kama jambo la watu wa daraja za juu. Sasa tunaona kwamba Jarir alikuwa anamtazama muuzaji kama mtu mwenye nyumba na watoto, akaona haya kumpunja.

Kwa mabibi harusi watarajiwa, mtakaozunguka maduka mengi kwa siku chache mkiwa mmechoka, tunawausia haya.

Soma risiti kabla hujaondoka kaunta. Tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika Tanzania mwaka 2010 tumezoea kuhimizwa kudai risiti, lakini kuidai na kuitupa pochini haisaidii. Hesabu vitu, si bei peke yake. Kosa likionekana pale pale, keshia analirekebisha bila mtu mwingine kujua.

Ukilipa kwa simu, tazama sifuri. Ni rahisi kutuma 3,200 badala ya 32,000, na muuzaji mwenye haraka anaona tu kwamba ujumbe umeingia.

Ukigundua umeshafika nyumbani, piga simu au rudi mapema, kabla hawajafunga hesabu za siku. Ukifika, mtafute aliyekuhudumia kwanza. Mwambie kwa sauti ya chini, "Mwanangu, jana tulipitiwa," umwache aseme jinsi ya kulimaliza. Ikibidi msimamizi ajue, nendeni pamoja, na wewe beba sehemu yako ya kosa. Kisha subiri uone fedha zimeingizwa kwenye mashine na risiti imetoka, ili haki ifike kwa mwenyewe.

Na kama duka limefungwa au mwenyewe hapatikani baada ya kumtafuta kwa juhudi, masheikh wetu wanatufundisha kuitoa sadaka kwa niaba yake, na akitokea siku moja akaidai, haki yake ipo.

Walima ulikwenda vizuri, alhamdulillah. Pilau ilitosha, na wifi mwenyewe ndiye aliyesimama jikoni kugawa. Yule binti tulimpelekea kifungu cha sambusa na pilau, tukampa nje ya duka, bila maneno mengi. Alicheka, akauliza bi harusi alipendezaje. Tukamwonyesha picha kwenye simu.

Dada, kama kuna risiti kwenye pochi yako saa hii, itoe uisome. Allah atujaalie riziki ya halali, azitie baraka ndoa za mabinti zetu, na atufundishe kurudisha haki za watu bila kuwaaibisha. Amin.