Mngoje Chini

Methali yetu yasema: aliye juu mngoje chini. Wengi huitaja kwa kujipa subira, kana kwamba wakati peke yake utamshusha aliyepanda. Lakini yuko mtu mmoja wa Unguja, hamali wa siku nyingi wa bandari ya Malindi, ambaye methali hii aliisoma kwa mgongo wake, nayo ikamfundisha kwamba kungoja kwenyewe kuna kazi yake.

Mtu huyo alikuwa amepindukia miaka hamsini alipompeleka mwanawe kujifunza judo. Mchezo huo si mgeni kisiwani. Vijana wa Unguja wamekuwa wakiucheza tangu miaka ya 1990. Miezi kadhaa baba alikaa pembeni akitazama, na jioni moja akavua makubadhi yake akaingia mkekani. Alijiamini. Mabega yaliyopandisha magunia ya karafuu na mchele kwa miaka thelathini hayakuona sababu ya kumwogopa mtoto yaliyembeba juzi tu.

Haikutimia dakika moja, mwana alikuwa ameketi juu ya kifua cha baba.

Aliyewahi kulaliwa hivyo haihitaji kuelezwa, na asiyewahi ni vigumu kumweleza. Uzito wa gunia hutulia mahali pamoja. Uzito wa mtu huhama. Ukiinua bega la kulia, unahamia kuliani. Ukivuta pumzi, nao unashuka kuifuata. Baba alifanya afanyalo kila mgeni wa mkeka: alinyoosha mikono yote miwili akasukuma kifua cha mwanawe kwenda juu. Mikono ikachoka upesi, pumzi ikakatika, na pumzi ikishapotea akili huifuata. Mwalimu alihesabu sekunde hadi 20, akasema imekwisha. Baba akainuka, akatengeneza mkanda wake, asimtazame mtu.

Sekunde hizo 20 ndizo sheria. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, aliuita mchezo wake njia ya ulaini, naye aliyafanya kuwa elimu mambo ambayo wengine waliyaona ni mabavu tu. Miongoni mwa elimu hiyo ni kumlaza mwenzio chali na kumzuia asiinuke. Zamani aliyelaliwa alipewa sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa ameshindwa kabisa. Leo ni 20, na zikifika 10 tu mwenziwe amekwishapata alama kubwa. Mwamuzi hutangaza kwa Kijapani kwamba mtu amezuiwa. Aliye chini akifaulu kuunasa mguu wa aliye juu kwa miguu yake miwili, mwamuzi hutamka neno jingine, *toketa*, ambalo maana yake ni kwamba imefunguka. Hapo hesabu hukoma. Wala sheria haikumtaka aliyelaliwa asimame au amwangushe mwenziwe. Imemtaka afungue tu.

Mwalimu alimfunza baba mambo matatu. La kwanza, asisukume. Mkono ulionyooka ni zawadi kwa aliye juu, kwani hauna nguvu na hunaswa kwa wepesi. Viwiko na virudi mbavuni, karibu na mwili, na pumzi irudi kabla ya jambo lolote.

La pili ni daraja. Nyayo zivutwe karibu na makalio, kisha mkono mmoja wa aliye juu unaswe pamoja na mguu wake wa upande huohuo, ili asiwe na nguzo ya kujishikizia. Ndipo kiuno kiinuliwe kwa nguvu zote, si kwenda juu moja kwa moja bali mshazari, kupitia bega la upande ulionaswa. Nyumba iliyoondolewa nguzo mbili za upande mmoja huangukia upande huo.

La tatu Wajapani hulipa jina la kamba. Si kamba ya kufungia, bali kamba wa baharini. Aliyelaliwa hugeuka ubavu, hukita mguu chini, kisha hurusha makalio nyuma kama kamba anavyojikunja akikimbia mvuvi. Haupatikani uwazi mkubwa. Inapatikana nafasi ya kiwiko, kisha nafasi ya goti. Daraja likishindwa, kamba hufuata. Kamba akizuiwa, daraja hurudi. Aliye juu akijitayarisha kwa hili, huwa amelifungulia mlango lile.

Watu wa mwambao hawana haja ya kwenda Japani kuyaelewa haya. Fumo Liyongo, kama alivyosimuliwa katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hakuvunja gereza kwa nguvu zake, ingawa nguvu ndizo zilizompa jina. Alitaka mkate wa wishwa ambao mlinzi asingeutamani, ndani yake mkafichwa tupa. Akawatungia watu nyimbo, na vishindo vya ngoma na matoazi vilipopanda yeye akawa anakereza minyororo yake. Tupa haivunji. Hula kidogo, ikarudi, ikala tena.

Wala si kila aliyelaliwa hutoka. Tarehe 23 Oktoba 1951, pale Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio Gracie wa Brazili alipambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo aliyemzidi uzito kwa mbali. Alibanwa chini, akastahimili, hadi mkono wake ulipopindwa nyuma ya mgongo na kuumia. Hakukubali kushindwa, kaka yake Carlos ndiye aliyekatiza pambano. Baadaye Wabrazili waliliita pindo lile la mkono kwa jina la aliyewashinda, na hadi leo linaitwa Kimura. Mshindwa kumpa mshindi heshima hiyo ni namna nyingine ya kutoka chini.

Hamali wa Malindi hakuyajua ya Rio. Alichojua ni mkeka wa ukumbini kwake, ambako usiku baada ya sala ya isha alijipinda kama kamba kutoka ukuta hadi ukuta, mkewe akicheka hadi machozi yakamtoka. Miezi mitatu alifanya hivyo.

Jioni moja alilaliwa tena na mwanawe. Akarudisha viwiko, akapumua, akapiga daraja. Mara akahisi uzito umepungua, kirahisi mno.

"Usinihurumie, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Nisamehe, baba."

Uzito ukarudi wote. Mwalimu akaanza kuhesabu upya. Daraja la kwanza halikufika popote. Katika sekunde ya nane baba aligeuka ubavu, kiwiko kikapata mahali. Ya kumi na mbili ikampita. Ya kumi na tano goti lake likapenya chini ya paja la mwana. Kijana akabana kwa uwezo wake wote, kwa kuwa ndivyo alivyoombwa. Sekunde ya kumi na nane miguu miwili ya baba ilifumbata mguu mmoja wa mwana.

"Toketa," akasema mwalimu.

Baba alikuwa bado chali, mwana bado juu, alama kubwa imekwishaandikwa upande wa kijana. Mbele ya watu waliokuwa ukutani hapakuwa na lolote la kushangilia. Hata hivyo wote wawili walibaki hivyo kitambo, wakihema, paji la uso la mwana likiwa limeegemea bega la babaye.

Walipotoka nje, magharibi ilikuwa inakaribia. Kijana aliomba kubeba mkoba wa baba, kama alivyokuwa akiomba kila siku na kila siku akinyimwa. Mzee akautazama mkoba, akautazama mkono ulionyooshwa, akampa.