Jioni ile ya Taifa

Juzi nilishuka daladala Temeke, nikapita nje ya Uwanja wa Mkapa. Hakukuwa na mechi, walikuwapo walinzi na muuza mihogo tu. Nikakumbuka Machi 24, 2019, pakiitwa bado Taifa, tulivyobanana humo ndani, wengine redio sikioni.

Kocha wetu alikuwa Mnigeria, Emmanuel Amunike. Jamaa si wa kuokota: fainali ya Afrika 1994 kule Tunis aliifunga Zambia mabao yote 2, na mwaka huohuo akawa Mwanasoka Bora wa Afrika. Olimpiki ya 1996 akafunga la ushindi, Argentina wakalala 3-2. Akatua Barcelona, magoti yakamkorofisha, mwishowe akageukia ukocha.

Jioni ile Msuva, Nyoni na Morris waliizamisha Uganda 3-0. Redio zikasema Lesotho kabanwa 0-0 na Cape Verde. Miaka 39 ya kungoja kwisha! Na mara ya mwisho, 1980, tulicheza fainali hukohuko kwao Nigeria. Nililia, sioni haya kusema.

Misri mambo yakaharibika: Senegal 2-0, Kenya 3-2 huku tumetangulia mara mbili, Algeria 3-0. Julai kibarua kikaota nyasi. Ukocha wa ugenini ni chumba cha kupanga, bwana.

Nikamuuliza muuza mihogo kama anamkumbuka.

"Yule aliyetupeleka Misri? Siku ile niligawa mihogo bure!"

Wengi tulimlaumu, mimi nikiwamo. Ila jioni ile hatunyang'anywi.